Baridi ya Adhuhuri

Tangu nirudi, kila anayebisha mlangoni kwangu ananiuliza jambo moja: ni kweli yule Mzungu mzee alifia mikononi mwako? Mmoja ameniuliza nikiwa bado na mkeka wa swala mkononi. Mwingine ameniuliza mbele ya muuza maziwa. Wa tatu, ambaye simtaji kwa heshima ya mumewe, ameshawaambia watu kwamba tulimzika huko huko na kurundika mawe juu ya kaburi.

Hakufa. Nimemwita mjukuu wangu Talaso aketi hapa aandike, kwa kuwa mimi sikupelekwa shule. Nimemwonya aandike nisemavyo, asinipambe wala asinipunguzie ukali. Akimaliza atawasomea ninyi nyote kwa pamoja, nami nitakuwa nimewajibu.

Mjini: birika

Chanzo cha safari ni chombo cha maziwa. Wengi wenu mmekiona kwangu: gorfa, ambayo sisi Waborana huisuka kwa nyuzi za mizizi, ikakazwa hata maziwa yasipite. Talaso aliipiga picha akaituma huko wanakotumiana picha. Ikaonekana na watu wa Ufini, nchi iliyo kaskazini kabisa, ambao wakati wa theluji hukaa ndani wakisuka vikapu kwa magome ya miti. Hawasuki kwa njaa wala kwa soko. Husuka kwa kupenda tu, na kila mwaka hukutana mahali wakasuka pamoja na wenyeji. Mwaka huu waliomba kukutana nasi.

Walikuja sita, lakini wawili tu ndio mnaopaswa kuwajua. Kaisa alikuwa msichana aliyepata kuishi Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu, ingawa siku ya kwanza aliniita bibi mbele ya watu. Nilimwambia kwamba huku kwetu bibi ni mke wa mtu, na mume wangu amekwisha kuzikwa. Tangu hapo akaniita Akko, kama Talaso anavyoniita. Wa pili alikuwa Aino. Alikuwa mzee wa umri wangu, mjane kama mimi, mwenye mgongo ulionyooka na vidole vyenye sugu pale pale vyangu vilipo na sugu. Tulitazamana vidole kabla ya kutazamana nyuso.

Asubuhi ya kuondoka, binti yake alimpigia simu ya kuonana uso. Akaomba kusema nami, Kaisa akatafsiri.

"Mama yangu hajui kusema kwamba ameumia," binti alisema. "Hata siku aliyonizaa mimi hakusema. Ukimngojea aseme, utachelewa."

Nikajibu, "Mwambie mgeni ni amana. Nitamrudisha kama nilivyompokea."

Maneno hayo niliyatamka mbele ya mashahidi, na ndiyo yaliyonitembeza njia nzima.

Tukaenda kunywa chai hotelini karibu na stendi ya Isiolo, pamoja na Talaso na Mutuma, dereva tuliyemkodi, Mmeru mwenye gari la kuaminika na mdomo usiotulia. Mhudumu akaweka birika la chuma mezani. Aino akalishika mpini. Ulikuwa umetoka motoni. Akaliachia, na kwa maumivu akapaza sauti mara mbili, akitaja kwa lugha yake neno la joto.

Neno hilo Talaso hataliandika. Kwao ni neno la uji, la maji ya kuoga, la jua la kiangazi, na mtoto hulisema mbele ya babu yake. Kwetu, likiingia sikioni, ni tusi linalomtaja mwanamke mahali asipotajwa.

Hoteli yote ikanyamaza. Mzee mmoja wa heshima akainuka akaiacha chai yake. Vijana waliokaa mlangoni na vifurushi vyao vya miraa wakapata uhai.

"Eish! Shosho wa majuu ameanza na hiyo!"

"Aki mwacheni, ameungua!"

Mutuma alikuwa amezamisha uso katika kikombe, mabega yakimtikisika.

"Kaisa," nikasema, "amesema nini?"

"Akko, amesema birika ni la moto. Ni neno letu la kawaida kabisa."

"Mwambie lisisikike tena mahali nilipo."

Kaisa akamnong'oneza. Nilimwona Aino akiiva kuanzia shingoni hadi masikioni, akafunika mdomo kwa mikono miwili, kisha akaniinamishia kichwa. Kaisa akasema, "Anaomba radhi. Anauliza, basi aseme nini?"

"Aseme joto."

Alijaribu. Lilitoka yoto, kisha yotto, na vijana wa mlangoni wakazidi kucheka. Ndipo Mutuma akasema, "Shosho, mwache aseme kinyume. Aseme baridi. Mungu anajua anataka kusema nini."

"Baridi," akasema Aino, na hilo likatoka safi, kama amezaliwa nalo.

Hata mimi sikuona ubaya. Ulikuwa mzaha safi, na uliondoa tusi mezani. Wageni wote sita wakaushika. Walipotoka nje na jua likawapiga, wakaambizana, "Baridi! Baridi sana!" na kujipangusa nyuso.

Kabla hatujapanda gari, Aino alinivuta hadi kibanda cha nguo. Alikuwa amevaa mikono mitupu, nami tangu asubuhi nilikuwa nimeitazama mikono ile kwa jicho ambalo wajukuu wangu wanalijua. Akanunua gauni refu la mikono mirefu, la kitambaa kizito kinachong'aa, na mtandio, na shuka ya kujifunika mabegani. Akavaa vyote juu ya nguo zake, akageuka nimwone. Niliridhika, nikamwitikia kwa kichwa.

Mjini hadi Ngaremara

Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo. Hatukuwa tumetoka mjini sawasawa tulipokutana na mbuzi wasio na mwisho, na ngamia mmoja aliyelala barabarani akakataa sababu zote alizopewa. Mwenyewe alimpiga, akambembeleza, akamtukana baba yake. Mutuma alipiga honi mpaka nikamwambia aache, kwani ngamia hajui honi ila kama jirani mwingine mwenye kelele.

Humo garini ndimo nilimojua kwa nini wageni wale hawakuogopa jua. Kaisa alisema kwamba kila nyumba kwao ina chumba kidogo cha mbao. Ndani huchomwa mawe, watu wakaingia wakakaa juu ya benchi wakitoka jasho, kisha wakakimbia nje kwenye theluji.

"Kwa adhabu?" akauliza Mutuma.

"Kwa raha."

"Na nguo?"

"Bila nguo."

"Hata wazee?"

"Hata wazee. Aino huingia kila Jumamosi."

"Ngai!" Mutuma akageuka kumtazama Aino, nikamwambia atazame barabara.

Aino akaongeza jambo, Kaisa akatafsiri: alizoea moto tangu utotoni, tusimhofie. Lakini niliwaza kwamba moto unaouingia na kuutoka kwa hiari yako ni kama mbwa wako mwenyewe, na jua la Isiolo si mbwa wa mtu.

Ngaremara tulipokewa katika banda la wanawake. Walikuwapo Waturkana wenyeji, ambao husuka majani ya mkoma, mti wa jamii ya mtende, na Wameru waliofika na vyondo, vikapu vyao, na sisi Waborana wachache. Kiongozi wao, Mama Ekai, mwanamke mnene asiyejua kuficha neno, aliwatazama wageni wakishuka na kusema, "Hawa wameiva tayari. Tulete chumvi?"

Wakasuka siku nzima. Sikuwahi kuona watu wazima wakikosea kwa furaha namna ile. Aino aliomba nimwonyeshe mwanzo wa gorfa, kitako chake, ambacho huanza kama kitovu na kuzungushwa. Alisuka, nikafumua. Akasuka tena, nikafumua tena. Mama Ekai akasema, "We mama, utamfanya mgeni alie." Aino hakulia. Kabla ya alasiri alikuwa na kitako kidogo kama kiganja cha mtoto, nami nikakigeuza pande zote nisipate pa kufumua.

Watoto wa hapo wakaujua mzaha mara moja. Kila mgeni aliyepita, wakapiga kelele, "Baridi!" naye akawajibu vivyo hivyo. Kulikuwa na nyama ya mbuzi ya kuchemsha na chapati, na supu ambayo wageni waliinusa kwanza. Aino alikula vizuri, lakini maji aliyagusa kwa midomo tu. Baadaye Kaisa alinieleza sababu: Aino aliogopa kuuliza pa kujisaidia. Baada ya aibu ya birika, hakutaka kutamka neno lolote ambalo lingeweza kuwa tusi lingine.

Ngaremara hadi mtoni

Wageni wanne walitaka kubaki na mikoma, na Talaso akabaki nao awe mkalimani wao kwa Kiingereza. Aino alitaka kuiona mizizi ya gorfa ikitoka ardhini. Akasema kwamba huko kwao, mtu asiyejua mti wake haitwi msukaji. Neno hilo nililipenda. Mizizi mizuri iko mbali, upande wa Biliqo, nilikozaliwa. Basi tukaendelea wanne: mimi, Aino, Kaisa na Mutuma.

Tulilala Archers Post, kando ya mto. Nilikuwa nimepanga vizuri: tuondoke baada ya swala ya alfajiri, tuchimbe jua likiwa bado chini, na kabla ya adhuhuri tuwe tumerudi kivulini. Hivyo ndivyo mama yangu alivyochimba, na mama yake.

Alfajiri, gurudumu lilikuwa chini. Mutuma akatafuta jeki, akakumbuka kwamba alimwazima shemeji yake.

"Shemeji gani?"

"Yule wa Nanyuki, shosho."

"Basi nenda Nanyuki."

Hakwenda Nanyuki, lakini kutafuta jeki pale kulimchukua muda kama angekwenda. Aliyekuwa na jeki alikuwa amelala. Alipoamka alitaka chai kwanza. Alipomaliza chai alitaka kujua sisi ni akina nani na Wazungu tumewatoa wapi. Tulipofunga gurudumu, vivuli vilikuwa vimekwisha kuwa vifupi.

Mutuma akaniuliza, "Shosho, twende ama tungoje kesho?"

Kesho yake wageni walipaswa kurudi mjini. Nilimtazama Aino. Alikuwa ameketi garini tayari, gauni lake limefungwa hadi kooni, na kile kitako cha gorfa mapajani. Akanyoosha mkono nje, akauonjesha jua, akasema, "Baridi kidogo," na kutabasamu.

"Twende," nikasema.

Kuacha lami

Njia ya vumbi kuelekea Biliqo haina haraka na mtu. Tulipita mabonde makavu, tukasimama mara mbili Mutuma alipotaka kuisikiliza injini. Nyuma kulikuwa na madumu mawili ya maji: moja la kunywa na kupikia chai, na moja ambalo Mutuma hakuruhusu mtu kuligusa, la rejeta.

Mahali penyewe nilipajua kwa kilima kidogo kilichochongoka. Mmea wake ni wa miba na hauna uzuri wowote, na mpita njia hawezi kujua umeficha nini chini. Unachimba pembeni, si katikati, na mizizi unaifuata kwa vidole kama unavyofuata mshono. Huivuti. Ukivuta, inakatika, na ulichokatia ndani kimepotea.

Nilimwonyesha Aino mmoja, kisha nikamwambia akae kwenye kivuli cha gari. Akatikisa kichwa, akapiga magoti kando yangu. Tukachimba mzee na mzee, bila neno, na nasema kweli kwamba nilisahau ya kuwa alikuwa mgeni. Alipoupata mzizi wake wa kwanza mzima, akauinua juu kama mtu aliyeokota nyoka, akacheka kwa sauti. Mutuma akapiga makofi.

Jua lilikuwa limefika utosini. Tukachimba tena. Kisha nikasikia Aino akisema, "Baridi."

Mutuma akajibu kutoka garini kama alivyozoea, "Baridi sana, shosho! Tuwashe moto?"

Kaisa akacheka. Mimi nikasema, "Mwambie avumilie, tunamaliza."

Tukaendelea. Muda si mrefu akasema tena, "Baridi," lakini hakuwa akimtazama mtu. Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa mzaha ukirudiwa sana hupoteza watu wake.

Mara ya tatu hakusema. Niliinua macho nikamwona ameichukua ile shuka aliyoiweka chini, anajifunika nayo mabega, anaivuta hadi kidevuni kwa mikono miwili.

Mtu hufanya mzaha kwa mdomo. Hafanyi mzaha kwa shuka.

Nikamshika mkono, nikakunja mkono wa gauni lake. Ngozi ilikuwa kavu kama ngozi iliyotandazwa, ilhali sisi wengine tulikuwa tukichuruzika jasho. Na malaika ya mkono yote yamesimama, kama ya mtu aliyelala nje usiku wa umande.

"Kaisa! Muulize kwa lugha yenu, siyo kwa hii yetu. Anasikia nini?"

Kaisa akamuuliza. Aino akajibu polepole, ulimi mzito. Kicheko kilichokuwa usoni mwa Kaisa kikazimika.

"Akko, anasema baridi. Baridi ya kweli. Anauliza kwa nini hakuna anayempa blanketi."

Kisha magoti ya Aino yakakunjika, nikampokea.

Tulimburuta hadi kivulini mwa gari. Nilivua mtandio wake, nikararua vifungo vya lile gauni lililoniridhisha, nikamtoa mikono yake nje, ile mitupu niliyokuwa nimeitazama kwa jicho baya. Dumu la kunywa tulilimimina kwake lote, kichwani, shingoni, kwapani. Ngozi ile ilikunywa maji kama mchanga.

"Lete lile jingine," nikamwambia Mutuma.

"Shosho, hayo ni ya rejeta. Gari ikichemka, tutalala hapa na fisi."

"Gari ikichemka, tutangoja ipoe. Yeye akichemka, tutangoja nini?"

Akalileta, na kofia yake akaanza kumpepea nayo.

Kitambaa cha kulowesha hakikuwepo. Mtandio wa Aino na ile shuka vilikuwa vya kile kitambaa kinachong'aa, havikushika maji. Nikavua shungi langu la pamba. Ninyi mnanijua. Tangu niolewe hakuna mwanamume asiye wa nyumba yangu aliyewahi kuona nywele zangu. Mutuma aligeuza uso upande wa kilima bila kuambiwa, akaendelea kupepea hali amegeuka, nami nitamwombea kwa hilo hadi mwisho. Nikalilowesha shungi, nikamfunika Aino kuanzia paji la uso hadi kifuani.

"Tumpakie," nikasema. "Twende mtoni."

Kurudi mtoni

Nilimlaza mapajani. Kila tulipopigwa na shimo kichwa chake kiligonga mkono wangu. Nilimsemesha kwa Kiborana, kwa kuwa sikuwa na lugha nyingine iliyobaki. Kaisa alikuwa akilia kimya, na mara kwa mara akimwita kwa jina. Mara anaitika, mara haitiki. Nilimkumbuka binti yake kwenye simu: ukimngojea aseme, utachelewa. Yeye alikuwa amesema. Alisema mara mbili, kwa neno tulilompa sisi wenyewe.

Gari likachemka, kama Mutuma alivyosema. Moshi ukatoka mbele, tukasimama katikati ya mahali pasipo na kitu.

Hapo akaja mwanamke na punda wawili waliobeba madumu. Alikuwa kijana, mtoto mgongoni, ametoka kuteka maji. Akachungulia garini, akamwona Aino, akaniona mimi kichwa wazi.

"Huyu mzee mmemtoa wapi?" akaniuliza kwa Kiborana.

"Tulikuwa tunachimba mizizi."

"Jua hili? Na wewe mama mzima, umezeeka bila akili?"

Hakuna mtu aliyesema nami hivyo tangu mama mkwe wangu afariki. Naye hakungoja jibu. Alikuwa ameshafungua kamba, akateremsha dumu moja akampa Mutuma ajaze rejeta, akateremsha la pili akaanza kumwagia Aino miguu yeye mwenyewe. Maji yale alikuwa ameyafuata kwa miguu tangu asubuhi. Alipomaliza akawageuza punda warudi walikotoka, kuteka upya.

"Jina lako nani?" nikamwita.

"Peleka mgonjwa!" akanijibu bila kugeuka.

Kituo cha afya

Archers Post walimpokea upesi. Muuguzi, mwanamume mpole mwenye sauti ya chini, alimtundikia maji ya mshipa, akamwekea vitambaa vya baridi. Nilikaa sakafuni nje ya mlango, shungi langu lililolowa limerudi kichwani. Nikaswali nilizozikosa. Nikajiuliza nitasema nini kwa binti wa mtu, na kwa lugha ipi. Mutuma aliniletea chai, akaiweka kando yangu, akakaa mbali kidogo. Mdomo wake usiotulia ulikuwa umetulia.

Jua lilikuwa linatua Kaisa alipofungua mlango. "Akko, njoo. Anakuita."

Aino alikuwa amekaa, mweupe kama maziwa, lakini macho yake yalikuwa yake tena. Nikakaa kitandani. Tukatazamana vidole kama siku ya kwanza. Vyake na vyangu vilikuwa bado na udongo wa Biliqo.

Akasema, Kaisa akatafsiri: "Anaomba radhi kwa kukusumbua. Na kwa maji ya gari."

"Mwambie anyamaze."

"Anasema pia..." Kaisa akasita. "Anasema alipoanza kujisikia vibaya, mwanzoni kabisa, kabla ya ile baridi, alisikia joto kubwa. Alitaka kupiga kelele. Lakini neno lililomjia ni lile. Na uliagiza lisisikike."

Nikasema, na nikamtaka Kaisa atafsiri neno kwa neno, asilainishe.

"Mwambie neno lake alirudishe. Akiungua, alipige kelele, hata kama ni sokoni, hata kama ni mlangoni pa msikiti. Mimi nitaziba masikio yangu kwa vidole hivi, kisha nitamletea maji."

Kaisa akatafsiri. Aino alinitazama kuhakikisha, kwa kuwa uso wangu haujui kusaidia maneno yangu. Kisha akasema lile neno, taratibu sana, kama mtu anayejaribu ngazi mbovu.

Nikaziba masikio.

Alicheka mpaka muuguzi akaingia kutazama kuna nini.

Bulla Pesa

Alipopata nguvu tulirudi mjini polepole, wengine wakaungana nasi Ngaremara. Nilikuwa nimemtaka Kaisa ampigie simu yule binti, nikamweleza mambo yote mwenyewe, pamoja na shuka, na gauni, na neno. Binti akasema, "Ulisema utamrudisha kama ulivyompokea." Nikamwambia hapana, sikumpokea akiwa hivi. Nilimpokea mgeni, namrudisha dada. Sijui kama aliridhika. Ana haki ya kutoridhika.

Usiku wao wa mwisho niliwakaangia hapa kwangu Bulla Pesa buna, ile kahawa yetu ya matunda mazima katika samli. Wafini ni watu wa kahawa, wakakaa na vikombe mkononi wakingoja imiminwe, mpaka nikawaonyesha kwamba hii inatafunwa. Aino alivaa mikono mitupu, kwa amri yangu. Mizizi aliyoichimba alikuwa ameifunga kwenye mtandio wake, pamoja na kile kitako.

Nadhani sasa mmejibiwa. Lakini Talaso anasema habari haiwezi kuishia kwenye kahawa, na kwa jambo hili peke yake namkubalia.

Jumatatu iliyopita simu yake ililia. Ilikuwa sauti ya Aino, na picha. Katika picha, gorfa yake imefika nusu, imepinda upande mmoja kidogo, nami ningeifumua. Nyuma yake ni dirisha, na nje kote ni nyeupe. Katika sauti alisema maneno mawili tu, kwa Kiswahili chake cha kuchonga:

"Akko. Baridi."

Talaso akaangua kicheko. "Akko, huyu sasa anamaanisha nini? Joto ama baridi?"

Nikamwambia aache kucheka, achukue simu.

"Akisema baridi, ni baridi. Mwandikie ajifunike."